Gari Hupimwa Dereva Akiwa Ndani

Daktari wa macho alimkataza shemeji yangu kuendesha gari. Shemeji akamsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, akampa mkono, kisha akatoka nje, akawasha pikapu na kuiendesha hadi nyumbani. Njiani aligonga pipa la taka. Alipoulizwa, alisema pipa ndilo lililomfuata.

Huyo ndiye Bonge, mume wa dada yangu. Jina alipewa na mtaa mzima na mwenyewe analipenda. Miaka kumi na minane amewapelekea wafugaji dawa na chumvi ya mifugo kwa pikapu hiyohiyo, na kwenye kiti chake hakuna mwingine aliyewahi kukaa. Sasa binti yake amehitimu udaktari wa mifugo, amepangiwa vijiji vya ng'ambo ya korongo, na Jumatatu anaanza kazi. Mvua zimeila barabara ya korongoni hadi mawe yamechomoza, na pikapu ilivyokuwa chini ingeliacha tumbo lake hapohapo. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi waliileta gereji niiinue inchi mbili. Bonge alikuwa kwenye usukani. Binti alishuka upande wa pili, uso umempauka.

"Mjomba," akaninong'oneza nikitafuta jeki, "baba anasema Jumatatu ataniendesha yeye. Mama kamwambia, mimi nimemwambia, anacheka tu. Zungumza naye wewe."

"Kwani mimi nani? Mimi fundi wa gari, si fundi wa baba yako."

Nilimjibu hivyo kwa woga. Bonge nampenda, na sikutaka kuwa mtu wa kumwambia atoe ufunguo wake. Kazi hiyo haina spana.

Basi tukaanza. Binti alivaa ovaroli yangu ya zamani, akakunja mikono. Tuliinua mbele kwa jeki, tukaiegemeza kwenye stendi, tukatoa matairi, tukafungua springi moja baada ya nyingine, na juu ya kila moja tukaweka kipande kinene cha chuma cha mviringo. Nyuma tuliweka vipande vingine kati ya ekseli na springi, tukavishika kwa bolti ndefu zaidi. Yule mtoto ana mikono, lazima niseme. Nati iliyogoma aliibembeleza kwa mafuta, akaigongagonga, akaisubiri, hata ikalegea. Bonge alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, akitoa amri.

"Shemeji, hiyo umeikaza kweli?"

"Bado. Bolti zenye mpira hukazwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Ukizikaza likiwa linaning'inia, mpira unajisokota na kupasuka mapema. Niache nifanye kazi."

"Nauliza tu."

"Uliza ukiwa na macho."

Likanitoka hivyo. Mimi na Bonge tunataniana hata msibani, lakini hilo halikuwa utani, na sote watatu tulilisikia. Binti aliinamia tairi kama vile kuna kitu amekidondosha. Bonge akageukia barabarani, ambako sijui alikuwa anaona nini. Nilijichukia. Saa mbili nzima sikusikia amri hata moja, na kwa mara ya kwanza maishani nilizitamani.

Saa nane mchana tukaishusha. Nikaisukasuka ikae vizuri, nikachukua tepu, nikapima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Upande wa abiria ilikuwa imepanda inchi mbili kamili. Upande wa dereva, mbele, ilikuwa imepungua kama nusu kidole.

"Tumekosea, mjomba?"

"Hatujakosea. Ni baba yako. Springi ya upande huu imebeba kilo mia na kumi na tano kwa miaka kumi na minane. Imechoka."

"Mia na kumi na mbili," ikasikika sauti kutoka mlangoni.

Dawa ya hapo ni kuongeza kipande chembamba upande uliochoka. Ila unene wake mafundi wengi huukosea, kwa sababu hupima gari tupu, na gari tupu haliendi popote. Mimi hupima dereva akiwa ndani. Nimefanya hivyo tangu nianze kazi hii, kwa hiyo sikuwa na hila yoyote niliposema:

"Haya, dereva aingie nipime."

Ndipo nikatambua nilichosema.

Binti hakusogea. Bonge akainuka, akaja taratibu, kiganja kikipapasa bodi ya pikapu, hadi akafika mlango wa dereva. Akashika kitasa. Sema sasa, mwoga wewe, nikajiambia, sema. Nikafungua mdomo.

Akauvuta mlango, akaushikilia ukiwa wazi.

"Ingia, mwanangu."

Binti akaingia. Bonge akamfungia, akazunguka mbele ya pikapu akiishika boneti, akaanza kuparamia kiti cha abiria huku akihema.

"Shemeji, hii mmeiinua au mmeijengea ghorofa?" Akakaa. "Pima."

Nikapiga magoti, nikapima kulia, nikapima kushoto. Nikarudia, maana machozi yalikuwa yananichafulia namba. Zilikuwa sawasawa. Uzito uleule uliouchosha upande mmoja sasa ulikuwa umeushusha wa pili.

"Tuweke kipande?" binti akauliza.

"Mkiwa wawili, hakihitajiki. Ukiwa peke yako itainama kidogo."

"Basi usikiweke," Bonge akasema. Kisha sauti ikamshuka. "Sioni, shemeji. Ni ukungu tu, tangu mwaka jana. Niliogopa mtaniacha nyumbani na redio. Lakini njia za kule ninazo zote kichwani, kona kwa kona. Yeye hazijui hata moja."

"Nisamehe lile neno," nikasema.

"Lipi? Kaza nati zako."

Nikazikaza, moja moja. Binti akawasha injini. Bonge akapeleka mkono bega la kulia kutafuta mkanda, kama alivyozoea, akashika hewa.

"Uko kushoto, baba."

Akaupapasa, akaupata, akajifunga mwenyewe.

"Twende," akasema. "Ukitoka getini kata kulia, gia ya pili, na usiwe na haraka."