Malengelenge ya Hamoud

Ijumaa moja baada ya swala ya alasiri, Hamoud alipokuwa akimiminiwa kikombe cha tatu cha kahawa katika majlisi, sebule ya wageni wa kiume, ya nyumba yao huko Hail, pwani ya Oman, ngozi ya pua yake ilianza kubanduka. Wageni walikuwa saba. Wote waliona, na wote waliendelea kula halua, maana si adabu kumkodolea macho mwenye nyumba.

Walikuja kutoa pongezi. Dada yake, Khulood, alikuwa amepanda mlima mmoja wa Georgia wenye mita elfu nne na kitu, mbao za skii za kutelezea thelujini zikiwa miguuni, kisha akauteremka kwa mbao hizo hizo. Kwa kadiri majirani walivyojua, hakuna mwanamke wa Oman aliyewahi kufanya hivyo. Wanaume waliofanya hivyo pia hawakuwapo, lakini hilo halikutajwa.

Pongezi za binti hupokelewa na wanaume wa nyumba. Baba yao, Mutasim, alikwishafariki, kwa hiyo Hamoud ndiye aliyekaa kwenye zulia na kupewa mkono. Kila aliyempongeza, Hamoud alimjibu, "Allah ybarik fik." Hakusema uongo hata neno moja. Alipokea tu, na alichokipokea kikamwingia mwilini.

Kufikia magharibi uso wake ulikuwa umeungua kwa jua la mlimani, isipokuwa duara mbili nyeupe kuzunguka macho, mahali panapokaa miwani ya theluji. Miguuni alikuwa na malengelenge manne. Upande wa wanawake, Khulood alivua soksi akaikuta miguu yake laini, haina hata mkwaruzo. Mama yao, Bi Hasina, alimshika kidevu akamgeuza huku na huku.

"Uso wako umesalimika, alhamdulillahi," alisema. "Mie nlikuwa nnaogopa utarudi kama mkate ulosahauliwa kwenye tanuri."

Khulood alikuwa na miaka thelathini na mbili na kazi ya kupima maji katika maabara. Skii alijifunza alipokuwa akisoma nchi za baridi. Wenzake walirudi na mabegi ya nguo. Yeye alirudi na mbao mbili ndefu ambazo watu wa forodha walidhani ni za kitanda. Mazoezi aliyafanya alfajiri kwenye barabara ya pwani ya Hail, kwa mbao za magurudumu, na jioni alipanda majabali yaliyo juu ya mtaa wa Hamriya akiwa na mbao zake mgongoni. Fundi wa viti vya magari wa Hamriya ndiye aliyemshonea mkoba wa kuzibebea, na alimwomba tu asimwambie mtu ni wa nini.

Jumatatu Hamoud alikwenda zahanati. Priscah, muuguzi kutoka Kenya, alimkagua vidole vya miguu kimoja kimoja.

"Hizi vidole zimechomwa na baridi, mzee. Ulikuwa wapi?"

"Ofisini. Khuwair ya Kusini."

"Hiyo AC yenu ni mbaya sana," alisema Priscah, akaandika hivyo kwenye kadi.

Mwezi huo kamati moja ya michezo ya baridi, iliyokuwa na katibu, nembo na meza ndefu, ilikuwa ikitafuta mtu mmoja wa kuiwakilisha nchi katika mashindano ya Ulaya. Khulood alikuwa akikitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: kusimama chini ya mlima na kusikia kipaza sauti kikisema Khulood binti Mutasim. Akapeleka picha zake. Hamoud akamsindikiza.

Katibu aliitwa Ustadh Fahd, mtu mpole sana. Aliziangalia picha zote.

"Ukhti, humu mna kofia, miwani na kitambaa mdomoni," alisema. "Alomo ndani anaweza kuwa yeyote. Hebu tuone japo mikono."

Khulood akaonyesha mikono. Ilikuwa mikono ya bibi harusi. Pembeni, Hamoud alikuwa amevua makubadhi kwa sababu yalimuuma. Ustadh Fahd akaitazama miguu ile, akautazama uso wenye miwani isiyokuwepo, akasema mashallah, akaandika jina la Hamoud. Kahawa ikaletwa. Hamoud akanywa, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, na mambo yakaisha.

Garini Khulood alimwambia, "Kaka, rudi ndani useme."

"Nseme nini, na watu washakunywa kahawa?"

Na kweli, posa ikishanywewa kahawa imekwisha, na ugomvi wa mpaka ukishanywewa kahawa umekwisha, na Hamoud hakuwa mtu wa kuvunja desturi. Wala hakuwa mtu mbaya. Alimpenda dada yake, na hata lifti ya ofisini ilimtia kizunguzungu. Siku ile ile akamnunulia glavu mpya.

Walikwenda wote wawili. Kwenye karatasi Hamoud alikuwa mshindani na Khulood msindikizaji. Asubuhi ya mashindano Hamoud alikaa dirishani hotelini na chokoleti ya moto, na Khulood akavaa namba yenye jina la kaka yake. Alipanda akiwa amebandika chini ya mbao zile ngozi zinazong'ang'ania theluji. Kileleni akazibandua, akazikunja akazitia kifuani, akajirusha bondeni. Mlima ulikuwa mzuri mno, na kwa muda wote wa kuteremka Khulood alifurahi mpaka akaimba. Hotelini, Hamoud alikuwa ameletewa mtungi wa oksijeni.

Khulood alimaliza wa kumi na tisa kati ya sitini. Kipaza sauti kikataja jina la Hamoud, likapigiwa makofi. Khulood alikuwa anahema kidogo tu, kama aliyepanda ngazi za nyumbani. Alilia ndani ya miwani, na alilia sana, lakini nje hapakuonekana kitu.

Nyumbani Hail majlisi ilijaa siku tatu. Siku ya tatu, wageni walipoondoka, Bi Hasina alimpa Khulood bakuli la mafuta ya nazi ya vuguvugu.

"Kamkande kaka yako, masikini. Hawezi hata kusimama."

Khulood akapiga magoti, akauweka mguu wa kaka yake kwenye paja. Alianza na kisigino. Lengelenge lile alilijua: ni pale kwenye mgongo wa pili wa mlima, kamba ya kiatu ilipolegea na yeye akakataa kusimama. Kucha nyeusi ya kidole gumba ilikuwa ya lile korongo la barafu. Mchubuko wa kifundo ulikuwa wa ule mpindo wa mwisho, alipompita mwanamume wa mbele yake. Aliupitia mguu wote, taratibu, mahali kwa mahali, na hakuna alipopasahau.

Hamoud akakunja uso, akavuta pumzi kwa meno.

"Polepole, Khulood," alisema. "Wewe hujui yanavyouma."

Khulood akalegeza mkono, akaomba apewe mguu wa pili.