Bakuli la Bi Khavar

Tangu alfajiri Bi Khavar alikuwa akichungulia mlangoni kama bi harusi, naye ana miaka sabini na wajukuu tisa. Balaa kajitakia mwenyewe, kwa usafi wake.

Mji wa Zavarjin na kijiji cha Kushkan hunywa mfereji mmoja, waliouchimba mababu chini ya ardhi. Kila upande una bakuli lake la shaba, lenye tundu kitakoni. Bakuli huwekwa lielee kwenye beseni la maji. Likijaa likazama, zamu moja imekwisha. Yote mawili ni pacha, kazi ya fundi mmoja. Mwaka huu mji ulidai kwamba la kijiji linachelewa kuzama, yaani linaiba. Ikithibitika, Kushkan itapoteza maji ya Ijumaa, na mikomamanga ya Heydar, mwanawe Khavar, itabaki kuni.

Bakuli la kijiji alilitunza Khavar, mjane wa mgawa maji. Jana aliona limefubaa, akaona haya kwa wageni wa mjini waliokuwa waje leo kuyapima mabakuli pamoja. Akalisugua kwa jivu na maji ya zabibu mbichi hadi likang'aa kama upara wa shehe. Ndipo akaona tundu: gamba la chokaa la miaka mingi limebanduka, tundu limepanuka, sasa litazama upesi na kila zamu ya kijiji itafupika. Akaziba kwa nta, nta ikatoka. Hakumwambia mtu.

Haji Nosrat, mgawa maji wa mji, alifika na wazee wake, akanywa chai, akafungua kitambaa. Bakuli lake nalo lilimeremeta. Khavar akalikodolea macho.

Mabakuli yakaelea. Khavar akavuta tasbihi bila kutaja jina la Mungu hata mara moja. La mji likazama kwanza. La kijiji likakawia shanga kumi na nane nzima.

Haji akawageukia wenzake, akasema si aliwaambia. Heydar akashika kichwa.

"Haji, shemeji yangu," akasema Khavar, "bakuli lako limeoga lini?"

"Jana. Mke wangu Turan kaliosha, msije mkasema sisi wa mjini wachafu."

"Kwa jivu na zabibu mbichi?"

"Sasa aliosheje, kwa maziwa?"

"Basi na langu nililiosha jana hiyohiyo. Nichekeni, mlio na meno, ingawa ni wachache. Mkeo kanizidi mkono, hiyo ndiyo tofauti. Mnachopima hapa ni usuguaji wetu, si maji."

Heydar alimtazama mamake kama aliyeuza ng'ombe wa jirani. Haji akapapasa kwa kidole ukingo wa tundu la bakuli lake, kisha la kijiji. Kingo zote mbili zilikuwa shaba mpya. Akauliza gamba litarudi lini.

"Baada ya miaka mia. Wewe subiri, mimi nina safari."

Wazee wakacheka, Haji akashindwa kununa. Akasema zamu zibaki za zamani, Ijumaa ya Kushkan, na saa zipimwe kwa kivuli cha ukuta mpaka apatikane fundi wa kuyasawazisha mabakuli. Kisha akainama sikioni mwa Khavar, akamsihi habari za Turan zisifike mjini.

"Nitajitahidi," akasema Khavar, macho yake tayari yanamtafuta jirani.