Kalenda Isiyoomba Ruhusa

Bibi Lesieli alitoka kisiwa cha Ha'ano kwa mashua, ameshikwa mkono na bintiye, kuja kutolewa mtoto wa jicho. Daktari wa macho huja hospitali yetu ya Pangai mara moja tu kwa mwaka. Asubuhi hiyo mtandao ulikuwa umekatika, na ile kalenda kubwa ya wagonjwa tuliyoletewa na makao makuu haikufunguka kwenye kompyuta. Mtu wa mapokezi hakuliona jina la bibi, akamwambia arudi mwakani. Mimi, muuguzi mpanga zamu, nilipotoka chumba cha upasuaji, mashua ilikuwa imekwisha ondoka naye.

Nilimpigia Bwana Fonua wa makao makuu. Akanijibu kwa upole kwamba kalenda haina kasoro, kasoro ni ya kisiwa chetu. Nilikata simu kabla ulimi haujaniponza, nikaenda kwa shemeji yangu Pauliasi, mwalimu wa kompyuta, shuleni kwake ambako mtandao ulikuwa haujakatika.

"Shemeji, nataka kalenda isiyomwomba mtu ruhusa."

Alinifungulia mbili, zote za maandishi matupu kwenye dirisha jeusi, nyepesi hata kwa kompyuta yetu kuukuu ya hospitali. Ya kwanza ilipanga wiki kwa rangi, nikaipenda. Kisha nikachomoa kebo ya mtandao. Majina yote tuliyoandika kwa majaribio yakapotea.

"Hii ni ileile, imebadili nguo tu," nikasema.

Alijitetea kwamba inarekebishika. Nikamuuliza nani atairekebisha yeye akiwa safarini, akaifunga.

Ya pili ilikuwa kavu kama ukuta usiopakwa rangi. Unaandika siku, saa na jina, navyo vinakaa kwenye faili humo humo ndani ya mashine. Nilichomoa kebo, haikujali.

"Haina hata rangi, Kalolaine."

"Wagonjwa wangu hawaoni, shemeji. Rangi ya nini?"

Jioni mtandao wa hospitali uliporudi kidogo, tuliyanakili humo majina yote kutoka kalenda kubwa. La Bibi Lesieli nililiweka mwanzo wa kesho yake, siku ya mwisho ya daktari, na kaka yangu akaenda kumfuata Ha'ano.

Asubuhi Bwana Fonua alipiga simu. Alikuwa amesikia, na akanikataza kutumia programu isiyoidhinishwa.

"Bibi mwenyewe amekaa hapa mlangoni," nikamwambia. "Nimpe simu umwambie wewe arudi mwakani?"

Hakutaka kuongea naye.

Bibi alipofunguliwa bendeji alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia bintiye kwamba kwa sauti yangu alidhani mimi ni mnene.

Nilicheka, lakini hasira haikuniisha. Tulipokuwa tukinakili majina tuligundua kwamba mzee mmoja wa kisiwa cha 'Uiha naye alirudishwa siku ileile. Simu yake haikupatikana, na ndege ya daktari haikungoja. Mzee yule bado anapapasa kuta za nyumba yake.

Onyo la maandishi limeshafika kutoka makao makuu. Sijalijibu, na kalenda sijaiondoa.