Mstari wa Hodi

Mstari wa hodi niliufuta mwenyewe, kwa mkono wangu huu, na sina wa kumsingizia.

Ulikuwa mstari mmoja tu wa maagizo ya kompyuta. Kabla programu yangu ya maabara haijaita ile programu ndogo inayotuma ujumbe kwa wagonjwa, inauliza kwanza: upo? Ikikosa jibu, inasimama na kupiga kelele. Jina la hodi niliupa mimi. Lakini miaka miwili mizima jibu lilikuwa lilelile, nipo, nipo, nikaona ni ubwege kumpigia hodi mwenye nyumba asiyetoka. Nikafuta, na nilijiona mjanja kweli.

Ijumaa tukaletewa kompyuta mpya. Nikahamisha kila kitu, isipokuwa ile programu ndogo, niliisahau. Siku nne ikaitwa na haipo, na programu yangu, bila hata haya, ikaandika mbele ya kila jina: "Imetumwa."

Jumanne asubuhi muuguzi mkuu akanisimamia mezani.

"Fundi, mbona watu hawaji? Umewatumia kweli?"

"Dada, si imeandikwa imetumwa?"

"Imeandikwa na nani?"

Nikafungua, nikatazama: hakuna ujumbe hata mmoja uliotoka. Watu kumi na mmoja, wote majibu mabaya, na wote tuliwaambia: tukiona tatizo tutawatumia ujumbe, mkiona kimya, msiwe na wasiwasi.

Tukagawana namba. Kumi wakapatikana. Mmoja alinitukana mpaka akaishiwa pumzi, nami nikashukuru, maana anayetukana hivyo bado ana nguvu. Wa mwisho alikuwa mzee ambaye sukari yake ilikuwa imepanda kupita kiasi. Simu ikapokelewa na binti yake, mchangamfu.

"Jamani, hospitali! Baba alikuwa haachi kuangalia simu. Jana akasema, hawajatuma kitu, basi mimi mzima."

"Dada yangu, kosa ni letu. Majibu si mazuri hata kidogo. Mlete sasa hivi. Yuko wapi?"

"Kalala tangu jana jioni, amechoka tu. Ngoja nimwamshe."

Hakukata. Nikasikia ndala zake, nikasikia mlango. "Baba." Akangoja. "Baba, ni hospitali." Akaita mara ya tatu, sasa kwa sauti nyingine kabisa, na muuguzi akaninyang'anya simu.