Nafasi Ndani ya Lori

Rukiyo alitamani kuiona Mogadishu tangu mdogo wake Ramla alipoolewa huko na mfanyakazi wa bandarini. Mumewe Salah, muuza nguo sokoni Mandera, alikuwa akimpiga kalenda mwaka baada ya mwaka. Katikati ya mwaka 1990, mvua zilipokatika na barabara kukauka, akakubali. Walivuka mpaka hadi Bula Hawa, upande wa Somalia, wakapanda lori la rafiki yake, wakafika vumbi limewaganda mpaka kwenye kope.

Ramla, mwenye mimba changa, aliwatembeza mji. Waliona maduka ya dhahabu, kanisa la Waitaliano lenye minara miwili, watu wamekaa nje ya mikahawa wakinywa kahawa bila haraka yoyote. Ufukweni Rukiyo alishika pindo la dera lake akaingia majini hadi magotini. Wimbi likampiga, akakaa kitako. Salah alicheka hadi akashika mbavu. Ramla naye alicheka, ila kicheko chake kilikatika mapema.

"Mbona umekonda hivi?" Rukiyo alimuuliza.

"Ni mimba tu."

Kabla ya kuondoka, Rukiyo alinunua kabati la vioo, zuri, la kuwekea vyombo. Salah akapatana na dereva wa lori alibebe. Jioni hiyo dada hao wawili walipokuwa wakikunja nguo, Ramla alifunga mlango.

"Abaayo," alisema, yaani dada, maana ndivyo walivyoitana tangu utotoni, "nataka kurudi nanyi Mandera. Nijifungulie kwako."

"Na mumeo?"

"Yeye ndiye aliyesema nikuombe. Mji huu umebadilika. Watu wanakamatwa, usiku tunasikia risasi."

Rukiyo alilitazama kabati lililokuwa limeegemezwa ukutani, limezungushiwa magunia. Mbele kwa dereva walitosha yeye na mumewe tu. Nyuma, kabati lilikuwa limeshatengewa pahali pake. Tena aliona, na hili ndilo lililokuja kumla moyo, kwamba Ramla anadeka. Mtu mwenye bahari mlangoni na feni chumbani, akimbilie joto la Mandera kwa nini?

"Mwisho wa mwaka nitakuja mwenyewe nikuchukue," alimwambia. "Sasa hivi gari limejaa."

Ramla alimaliza kukunja nguo, kisha akawafungia tende za njiani.

Mwisho wa mwaka ulipofika, vita vilikuwa vimeingia mjini. Watu wakaanza kumiminika Mandera, wengine kwa miguu, wengine hawana hata kandambili. Rukiyo alishinda mpakani na birika la chai, akimuuliza kila mwanamke aliyetoka Mogadishu. Majirani walimsifu kwa ukarimu. Alizipokea sifa hizo akiendelea kumimina chai.

"Hukujua," Salah alimwambia.

"Aliniambia," akajibu.

Mvua za masika zilipoanza alifika Nurto, jirani wa Ramla. Alikunywa maji kwanza, ndipo akazungumza.

"Nyumba yao iliangushwa na kombora, lakini walikuwa wameshatoka. Niliwaona kwenye barabara ya Afgooye, ya kutokea mjini, mume amembeba mtoto. Wa kike. Kisha wenye bunduki wakatutawanya, sikuwaona tena."

"Ramla alisema walikuwa wanaelekea wapi?"

"Alisema anakuja kwako."

Rukiyo alimwongezea Nurto maji. Kisha akauliza kama yule mtoto alikuwa ameshapewa jina. Nurto akasema hakumbuki kulisikia.