Macho ya Ña Deolinda

Kwa miaka kumi, kila Machi, Ña, yaani Bi, Deolinda Ferreira alikuja kupimwa macho kwenye duka la miwani la Don Eladio Zarza, pale mjini Itauguá. Alikuwa mjane, mfumaji wa ñandutí, vile vitambaa vyenye nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na kazi hiyo inakula macho. Don Eladio hakuwahi kuoa. Siku ya miadi ya mama huyu alinyoa ndevu mara mbili, kisha akajifanya kashangaa kumwona.

Ndani ya kile chumba kidogo chenye giza walikaa magoti yakikaribia kugusana. Alimbadilishia lenzi moja baada ya nyingine, naye akasema ipi inamfaa. Kipimo cha dakika kumi kilichukua nusu saa. Mwaka wote uliobaki Don Eladio alimwona kwa mbali tu, kanisani, au sokoni akichagua mihogo.

Kazi ya kupima macho Don Eladio alifundishwa na baba yake wa ubatizo, si chuoni. Sheria ya kwamba mpima macho awe amesomea na kusajiliwa ilikuwepo siku nyingi, ila mjini pale hakuna aliyeijali. Januari wakaja watu wawili wa wizara ya afya. Walikuwa na adabu. Alipowakaribisha tereré, kile kinywaji baridi cha majani, walikunywa. Wakamweleza kwamba kukata lenzi na kurekebisha fremu anaruhusiwa, mradi mteja alete cheti cha mpimaji aliyesajiliwa. Kupima macho mwenyewe, marufuku. Akatia saini kwamba ameelewa. Wakabandika karatasi yenye mhuri kwenye mlango wa chumba, wakaaga.

Machi ilipofika, Ña Deolinda aliisoma karatasi ile kwa kuisogelea sana.

"Sasa mimi nipimwe na nani?"

Akamwambia kuna Daktari Lourdes, kijana aliyesajiliwa, huja zahanati kila Jumanne.

"Yule mtoto? Nipime wewe, bwana. Tupitie uani, nani atajua?"

Don Eladio alitaka. Lakini alikuwa ametia saini, na wakimkamata duka litafungwa. Akamwomba aende Jumanne.

"Kumbe unaogopa karatasi," akasema Ña Deolinda, akatoka bila kuaga.

Alirudi Aprili akiwa na cheti. Hakutaka kukaa. Daktari Lourdes alikuwa amemkuta na presha ya macho, na hospitali ya mji mkuu, Asunción, ikathibitisha. Jicho la kushoto lilikuwa halioni tena pembeni. Ugonjwa ulikuwa ukimla polepole kwa miaka. Matone yangeuzuia, lakini kilichopotea hakirudi. Don Eladio akakumbuka mara ngapi mama huyu alimwambia anajigonga mlangoni upande ule ule, naye akacheka na kumwongezea nguvu ya lenzi.

"Miaka kumi, Don Eladio. Mle ndani ulikuwa unaangalia nini?"

Angeweza kumwambia kwamba mashine ya kupima presha hakuwahi kuwa nayo. Ingekuwa kweli.

"Nilikuwa nakuangalia wewe," akasema. "Macho yako sikuyaona."

Ña Deolinda akavuta kiti, akakaa. Akalaza mkoba mapajani. Kisha akavua miwani ya zamani.

"Haya, nipimie fremu."

Akampima kwa rula, kutoka mboni hadi mboni. Hilo sheria ilimruhusu. Safari hii hakukawia.

Kabla lenzi hazijawa tayari, mwanawe akaja kumchukua akaishi naye Ciudad del Este, mbali mashariki, asibaki peke yake na jicho lile. Miwani ilitumwa kwa basi. Katikati ya Mei Ña Deolinda akapiga simu dukani: inamteleza puani. Don Eladio akamwambia duka lolote la huko litaikaza, ni kazi ya dakika moja, wala hawatamtoza kitu.

"Najua," akasema Ña Deolinda. "Nitakuja Julai, uikaze wewe."

Akamuuliza kama anatia matone. Akajibu anatia, asubuhi na jioni. Hakuna aliyekata simu upesi.

Sasa ni Juni, na baridi imeshuka. Don Eladio hajui kama mwana wa Ña Deolinda atamruhusu mama yake safari ile ndefu, wala hajui atamwambia nini akifika. Anakata lenzi za watu kwa vyeti vya Daktari Lourdes, na basi la kutoka Ciudad del Este likipunguza mwendo barabarani, anazima mashine ili asikie kama litasimama.