Salamu ya Ng'ombe

"Nakuuliza tena, Kinanu. Nani alikutuma umuulize bwanangu habari ya ng'ombe?"

Habibo alikuwa mlangoni kwake, ufagio mkononi, na wapangaji wa ploti nzima hapa mtaani Wabera tumetoka kusikiliza. Hata wageni wangu waliacha chai.

Kinanu, Mmeru anayeuza ndizi hapo stejini kwa matatu, alijitetea. Kanisani kwao mshauri aliwafundisha kwamba mtu aliyelemewa na mawazo ataje kila asubuhi kitu kimoja cha kushukuru, na polepole moyo utakuwa mwepesi. Yeye mwenyewe ilimsaidia alipofiwa. Sasa kulikuwa na Halake, bwana wa Habibo. Tangu kiangazi kimalize ng'ombe wake wote kule malishoni Gotu, amelala tu akiangalia mabati, hasemi na mtu. Kinanu akawaza: hawa Waborana ukiwasalimia wanajibu "nagaa", yaani amani, hata kama nyumba inaungua. Halake akijibu amani, si hiyo ni shukrani tayari?

Akakariri salamu yote huko sokoni, akaingia nayo kwa Halake asubuhi, Habibo akiwa nyuma anafua. Akauliza amani ya nyumba. Akauliza ya watoto. Akauliza ya ng'ombe, kwa sababu ndivyo salamu inavyokwenda.

"Mimi nilijua ni heshima," akasema Kinanu.

"Ya nyumba alijibu," Habibo akasema, na sauti ikashuka. "Ya watoto pia alijibu, nikasikia nikiwa nyuma. Miezi yote hii namtajia neema za Mungu, watoto wazima, paa halivuji, hajanijibu hata moja. Wewe akakujibu. Nikaacha nguo nikakimbia. Kufika, umeshataja ng'ombe, na yeye ameshageukia ukuta."



Habibo aliweka ufagio chini, akaingia ndani. Tulimsikia akimsalimia mume wake kama mgeni aliyetoka mbali. Nagaa? Akangoja. Akauliza tena, taratibu. Kule ndani kukabaki kimya, mpaka watu wakaanza kurudi nyumbani kwao mmoja mmoja.

Alipotoka macho yalikuwa makavu. Kinanu bado alikuwa amesimama palepale, leso mdomoni.

"Nimeshampakulia chakula, naye hataki kula," Habibo akamwambia. "Ingia ule wewe."